Fahamu: Methadoni, tiba ya uraibu inayotaka mikono mingi

Nzega, mkoani Tabora, ni njia panda. Malori ya Dar es Salaam yaendayo Rwanda na Burundi hupita hapa, na dawa za kulevya nazo husafiri kwa barabara.

Tiba ipo: Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kliniki nyingine zikafuata, zikiwemo za Mwanza na Dodoma. Mgonjwa anasimama dirishani, anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya mtoa huduma. Kwa takribani saa 24 arosto, yaani mateso ya kukosa dawa za kulevya, haimsumbui, na anaweza kufanya kazi. Ila methadoni inatibu uraibu wa heroini na jamii yake tu. Si gongo wala bangi.

Ubunifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni ushirikiano: Wizara ya Afya, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, wafadhili, na asasi zinazowafuata waraibu kwenye maskani zao. VVU na kifua kikuu hupimwa hapo hapo kliniki.

Tatizo ni umbali. Kutoka Nzega, dozi ya kila siku haifuatwi Mwanza kwa basi. Huduma isogezwe hadi hospitali za wilaya. Nawe mwenye ndugu mraibu, usimfiche ndani. Mpeleke hospitali iliyo karibu aelekezwe.