Chuki ina dawa, ila ng'ombe watoke kwanza shambani

Pale Nangurukuru, Kilwa, mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama, mfugaji yeyote mwenye shuka na fimbo huitwa Mmang'ati. Awe Msukuma wa Kwimba au Mbarbaig wa Hanang, jina ni hilo hilo, na aghalabu halitamkwi kwa wema. Mfugaji naye ana lake moyoni: mtu wa pwani mvivu, kazi yake kungoja nazi idondoke.

Wageni hawa wengi hawakuja kwa kupenda. Kuanzia 2006 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Mbeya, ili kuyanusuru maji ya Ruaha Mkuu yanayoendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wakaelekezwa Lindi, Kilwa ikiwamo, kwa wenyeji ambao wengi wao hawajapata kuchunga hata ndama. Tangu hapo watu wameuana. Wakubwa huja, huhimiza amani, jioni wameshaondoka.

Wapo wanaosema chuki ya namna hii ni maradhi, itibiwe kama maradhi. Wazo si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Alvin Poussaint, daktari wa akili Mmarekani mweusi, na wenzake walikitaka chama cha madaktari wa fani yao kiutambue ubaguzi uliokithiri kuwa ugonjwa wa akili. Chama kikakataa: ubaguzi umeenea mno nchini mwao, hivyo ni suala la utamaduni. Hoja ya ajabu. Malaria nayo imeenea Kilwa nzima, na hatujaiita utamaduni. Lakini mimi ningekataa kwa sababu nyingine: mgonjwa husamehewa. Aliyemkata jirani yake panga kwa ajili ya kabila lake asije akatoa cheti cha daktari mahakamani.

Kusini kuna tiba ya zamani ambayo haikumlenga mtu mmoja mmoja, nayo ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vibaya kati ya 1878 na 1882. Leo ni watani. Wanyamwezi na Wasukuma walipita Uzaramo na mizigo ya misafara, nao wakatoka na utani. Katika miaka ya 1940 R. E. Moreau, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa utafiti wa ndege, aliandika juu ya mahusiano haya.

Nenda msibani uone inavyofanya kazi. Mtani huvaa kanzu ya marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, akatangaza madeni yake mbele ya wajane. Anaweza kujilaza kaburini, akaapa hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Maneno ambayo kwingine yangeleta ngumi, hapa ni haki yake, na kukasirika ndiko aibu. Na mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi.

Basi kwa nini Mmatumbi, mwenyeji wa Kilwa, na Mbarbaig wasitaniane? Kwa sababu Wangoni na Wahehe waliacha kwanza kupigana, ndipo wakaanza kuchekana. Kilwa ugomvi ungali shambani. Kundi la ng'ombe likipita usiku mmoja kwenye ufuta unaokaribia kuvunwa, asubuhi mkulima hana ada ya shule wala bati la nyumba. Anakwenda kwa mtendaji wa kijiji, anaambiwa asubiri tathmini. Mfugaji naye ana kiu ya mifugo yake, na lambo aliloahidiwa halijachimbwa. Hapo hakuna wa kupelekwa kwa daktari wa akili. Kuna mipaka ya malisho ya kuwekwa, majosho ya kujengwa na fidia ya kulipwa kwa wakati.

Msukuma walau ana pa kuanzia, maana utani wake na Mzaramo umeshafika karibu na Rufiji. Mbarbaig yeye ataanza na majirani zake wa leo, hao hao anaoburuzana nao kituo cha polisi. Na kwa hali ilivyo, anayejaribu leo kumtania Mmang'ati pale Nangurukuru atakuwa amemtukana tu.