Mwandiko kama Ushahidi: Taashira ya Korongo katika Mchoro wa Hariri wa Kaizari Huizong

Mchoro ujulikanao kama Korongo wa Heri, uliochorwa kwa wino na rangi juu ya hariri na kuhifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Jimbo la Liaoning, China, huzungumziwa zaidi kwa sababu ya ndege wake. Korongo 20 wanaonekana juu ya lango la kasri la Kaifeng: 18 wanaruka katika anga ya buluu, na 2 wametua kwenye mapambo ya paa. Katika imani ya Kitao, korongo ni taashira ya maisha marefu na kipando cha watu wasiokufa. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi, kwani korongo walichorwa na wasanii wengi wa China. Kinachoutofautisha mchoro huu ni maandishi yaliyo upande wake wa kushoto.

Kwa kuwa mchoro wa kukunjua hutazamwa kuanzia kulia, mtazamaji hukutana na ndege kwanza, ndipo afikie maelezo. Humo Kaizari Huizong wa nasaba ya Song (1100–1126) anasimulia, kwa nathari na kwa shairi, jinsi mawingu yalivyotanda juu ya lango mwaka 1112, jioni iliyofuata sikukuu ya taa, na korongo wakatokea mbele ya macho ya wakazi wa mji. Tarehe, mahali na mashahidi vinatajwa. Bila maandishi hayo, ndege ni ndege tu; pamoja nayo, ni tamko kwamba Mbingu imeuridhia utawala.

Umbo la mwandiko lina uzito wake pia. Hati iitwayo “dhahabu nyembamba”, aliyoibuni Huizong mwenyewe, ina mistari myembamba yenye ncha kali, nayo hariri iliyopakwa gundi na shabu haifichi kosa la mkono. Hati hiyo ilitambulika kuwa ya kaizari, hivyo ilifanya kazi ya mhuri.

Baadhi ya watafiti hushuku kwamba ndege wenyewe walichorwa na wachoraji wa kasri, ingawa maandishi yanadai kuwa kaizari ndiye aliyechora na kuandika. Shaka hiyo haiudhoofishi mchoro kama ishara ya heri, maana uthibitisho wake ulitegemea mwandiko kuliko mkono uliochora mabawa.

Mwaka 1127 Wajurchen walimchukua Huizong mateka, naye akafia uhamishoni kaskazini mashariki mwaka 1135. Wasomaji wa baadaye waliyaona katika maandishi yale majivuno ya mtawala aliyeelekea kuanguka. Usomaji huo unatokana na mambo ya mwaka 1127, si na yale yaliyoandikwa mwaka 1112.