Ugonjwa unaingia kwa mlango gani?

Mara nyingi wakatekista wa Manika, hasa wale wenye watoto katika masomo ya juu, wanatuuliza neno moja: Amri zile zote za wakati wa Covid, ndoo za maji kwenye mlango wa chuo, maski, viti vilivyotengwa, je, zilikuwa na maana, ao zilikuwa desturi tu ya kuwatuliza watu? Swali ni la haki. Tena si la zamani tu, kwani magonjwa mengine yamekuja nyuma ya lile, na vyumba vya masomo vya Kolwezi vinajaa vijana leo kama jana. Jibu letu fupi ni hili: amri nyingine zilikuwa na nguvu sana, nyingine kidogo, na ile tunayoiona kuwa ya kwanza kuliko zote haikubandikwa mara nyingi ukutani.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyopita. Mgonjwa wa kwanza katika Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 ya mwezi wa tatu 2020. Siku nane nyuma, Rais Félix Tshisekedi akatangaza kwamba shule, universite na mikutano ya sala zinafungwa; tarehe 24 ya mwezi uleule akaweka inchi katika hali ya hatari, nayo ikadumu mpaka mwezi wa saba. Masomo yalianza tena mwezi wa nane, yakafungwa mara ya pili tarehe 18 ya mwezi wa kumi na mbili, yakafunguliwa tarehe 22 ya mwezi wa pili 2021. Kwa mwanafunzi asiye na mashine wala pesa za intaneti, masomo ya mbali yalikuwa maneno tu. Kufunga chuo kunazuia ugonjwa, hatukatai, lakini ni dawa kali: inamwumiza mgonjwa na mzima pamoja. Kwa hiyo ni lazima kujua vizuri mambo yanayoweza kufanywa milango ikiwa wazi.

Kila ugonjwa una mlango wake. Mtu asiyeujua mlango atafunga dirisha, na mwizi atapita penye mlango. Mfano unaojulikana sana katika masomo ya uganga ulitokea Vienna, mji mkuu wa Austria, katika hospitali kubwa ya huko. Palikuwa na vyumba viwili vya wazazi. Katika kimoja wanawake walizalishwa na wanafunzi wa uganga, katika kingine na wakunga. Mwaka 1846, katika chumba cha wanafunzi, wazazi zaidi ya 11 kwa mia walikufa kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga walikufa wachache sana. Munganga Ignaz Semmelweis akatafuta sababu, akaona kwamba wanafunzi walitoka kupasua maiti asubuhi, kiisha wakaenda moja kwa moja kuwashika wazazi. Mwaka 1847 akawaamuru wote wanawe mikono kwa maji ya klori. Mwaka 1848 waliokufa hawakufika 2 kwa mia. Wakati ule hakuna aliyejua bado kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta homa ile. Semmelweis hakukijua kijidudu, alijua mlango: mikono ya wanafunzi. Na wakubwa wengi wa masomo walimkataa, kwani haikuwapendeza kusikia kwamba mikono yao wenyewe inaua.

Basi ndoo ya maji si mchezo. Kirusi cha Covid kimevikwa ngozi nyembamba ya mafuta; sabuni inaivunja ngozi ile, nacho kinakufa. Kwa kipindupindu na kuhara, mikono safi ni kinga kubwa zaidi tena. Lakini ndoo inataka mtu wa kuitunza. Maji ya klori ya kunawia mikono yawe ya 0,05 kwa mia. Yale ya kuoshea sakafu na vyombo vya mgonjwa yawe ya 0,5 kwa mia, ni kusema yenye nguvu mara kumi. Jua na joto vinaila klori. Ndoo iliyokaa mlangoni siku nne, juani, bila kifuniko, ni maji tu, na pengine maji machafu. Inafaa kutengeneza maji mapya kila siku. Tena, umeme ukikatika na robine ikikauka, nani atachota? Mahali ambapo jina la mwenye kazi ile halikuandikwa, tumeona ndoo tupu tangu juma la pili. Sabuni ya kawaida na bidoni ya maji safi yenye tundu dogo chini inashinda ndoo nzuri ya klori isiyo na mwenyewe.

Hata hivyo mlango mkubwa wa Covid haukuwa mikono. Ulikuwa hewa. Siku ileile mgonjwa wa kwanza wa Kongo alipotangazwa, tarehe 10 ya mwezi wa tatu 2020, kundi la waimbaji lilikutana kwa mazoezi katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani. Walikuwa watu 61. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waliimba ndani ya nyumba kwa muda wa saa mbili na nusu. Kiisha watu 53 wakaonekana wagonjwa, yeye pamoja nao, na wawili wakafa. Waseminari wapendwa, someni hesabu ile mara ya pili. Kuimba kunatoa pumzi kwa nguvu. Matone madogo sana yanabaki yakielea hewani kama moshi wa sigara, nayo yanaingia katika pumzi ya jirani, hata asiposhikana mkono na mtu. Mwanzoni mwa 2020, OMS, ni kusema shirika la afya la ulimwengu, ilisisitiza hasa mikono na matone makubwa yanayoanguka karibu; mwaka 2021 ikaandika wazi kwamba hewa ya chumba kilichofungwa inaambukiza hata watu walioketi mbali.

Kwa hiyo wale waliopangusa meza mara sita kwa siku na kuacha madirisha yamefungwa walitumia nguvu nyingi kwa faida ndogo. Hatuwacheki, ndivyo walivyofundishwa. Lakini sasa tunajua.

Na hapa Manika dirisha lina shida zake. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1.400 kupita bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi sana, na asubuhi vilevile. Katika majira yaleyale mvua hainyeshi, na kila lori la mgodi linainua vumbi. Mwalimu anafunga madirisha juu ya baridi, mwanafunzi anayafunga juu ya vumbi, na watu mia mbili wanapumua hewa moja tangu saa mbili mpaka saa sita. Kumwambia mtu «Fungua!» hakutoshi. Wafungue madirisha ya upande usio wa barabara, na yale ya juu karibu na dari. Wafungue yote kwa dakika kumi kila saa, wanafunzi wakitoka nje. Wamwage maji kidogo sakafuni mbele ya kufagia. Mtu avae koti. Somo la watu wachache liende barazani ao chini ya mwembe. Mambo hayo hayana bei kubwa. Maski nayo inasaidia, hasa ndani na hasa kwa yule anayekohoa, kama inafunika mdomo na pua pamoja. Maski iliyo kidevuni inakinga kidevu.

Sasa tuje kwa shida ya ukuta. Mwaka 2020 kampuni kadhaa za mgodi katika Lualaba na Haut-Katanga ziliwaweka wafanyakazi wao ndani ya fasi ya kazi majuma mengi, wasirudi kwao, ili shaba na kobalti zisisimame. Mashirika ya haki za watu yalilalamika, na kwa sababu: watu walitengwa na jamaa zao kwa nguvu ya mshahara. Tunataja jambo lile kwa kuonyesha tofauti. Mgodi unaweza kufunga lango. Universite haiwezi. Wanafunzi wengi hawalali chuoni. Wanapanga vyumba katikati ya raia, watatu ao wanne kitandani na mkekani, wanakula kwa mama mwuza fufu, wanapanda pikipiki pamoja na wachimbaji, jioni wanauza vocha za simu sokoni. Asubuhi mlinzi anampima mwanafunzi joto la paji la uso, na usiku mwanafunzi yule analala bega kwa bega na mwenziwe anayekohoa. Kanuni za chuo zinazoishia penye lango zinalinda majengo. Kwa hiyo wakubwa wa chuo, mkubwa wa mtaa, padri wa parokia na wenye nyumba za kupangisha wanapaswa kujuana mbele ugonjwa haujafika. Seminari, yenye ukuta wake, inafanana zaidi na kampi ya mgodi. Lakini mpishi mmoja anayerudi kwake kila jioni anatosha kuuleta ugonjwa ndani, na katika chumba cha vitanda thelathini utaenea siku chache tu.

Tumesema kwamba amri iliyo ya kwanza haikubandikwa mara nyingi. Ndiyo hii: mgonjwa anayejitangaza asiadhibiwe. Tufikiri juu ya kijana wa mwaka wa tatu. Baba ameuza mbuzi kwa kulipa minervali. Juma la mitihani linafika, naye anaamka na homa na kikohozi. Akisema, atatumwa nyumbani siku kumi na nne (ndizo zilizohesabiwa mwaka 2020), atakosa mitihani, labda atapoteza mwaka. Asiposema, atameza vidonge viwili vya kushusha joto, atapita kwa mlinzi na kifaa chake, ataketi katikati ya wenzake. Ninyi mngefanya nini? Sisi tunajua walio wengi watafanya nini. Kipimo cha joto mlangoni kinamkamata mjinga. Mwenye shida anajua kukipita. Lakini mkuu wa chuo akiandika barua na kuweka sahihi yake, kwamba mgonjwa aliyejionyesha atapewa siku nyingine ya mtihani bila kupoteza hata alama moja, kwamba daftari za masomo na chakula vitapelekwa kwake, na kwamba jina lake halitasomwa mbele ya wengine, basi wagonjwa watajitokeza wenyewe. Na kumjua mgonjwa mapema kunasaidia kuliko maji yote ya klori ya mji.

Kwamba kuaminiana ni sehemu ya dawa, watu wa Kongo wamelipia kulijua neno hili. Katika Ebola ya Kivu na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018 na kwisha tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020, wagonjwa walihesabiwa 3.470, na waliokufa 2.287. Dawa ya chanjo ilikuwapo, wanganga walikuwapo. Lakini vita na masingizio vilikuwa vimeharibu mioyo ya watu, na wengi waliwaficha wagonjwa wao nyumbani. Tarehe 19 ya mwezi wa nne 2019, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya universite ya Butembo, wakamwua munganga Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyetumwa na OMS. Aliuawa fasi ya masomo na ya uponyaji.

Juu ya chanjo za Covid tusikawie: Kongo ilipokea dozi milioni 1,7 mwanzoni mwa mwezi wa tatu 2021, ikaanza kuzitoa tarehe 19 ya mwezi wa nne, kiisha ikarudisha milioni 1,3 ili zitumiwe mahali pengine mbele ya kuharibika. Hofu ilikuwa imetangulia.

Kiisha ikaja mpox, nayo inaonyesha kwamba mtu asichukue kanuni za jana bila kufikiri. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa nao alikuwa mtoto wa Kongo, mwaka 1970. Lakini namna yake mpya ilionekana Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, mwaka 2023, na tarehe 14 ya mwezi wa nane 2024 OMS iliutangaza kuwa hatari ya ulimwengu. Tangazo lile liliondolewa mwezi wa tisa 2025. Mji wa mgodi, vijana wengi wanaohamahama, vyumba vyenye watu tele: msomaji wa Kolwezi anaijua sura ile. Mlango wa mpox ni hasa ngozi kwa ngozi, mashuka, taulo, nguo zilizovaliwa na mgonjwa. Dirisha lililo wazi halitamzuia. Hapo inafaa kila mtu awe na kitanda chake, taulo yake na sahani yake, na aliyemgusa mgonjwa aangaliwe siku 21.

Kwa mapadri na wakatekista wanaosalisha vijana wa vyuo, mambo machache ya kanisani. Mazoezi ya nyimbo yafanyike nje, ao milango yote ikiwa wazi, na yawe mafupi wakati kikohozi kinapozunguka. Aliye mgonjwa asiombwe kuimba, hata akiwa na sauti nzuri kuliko wote. Anayegawa Komunyo anawe mikono mbele na nyuma. Na kwa Jumatano ya Majivu ya mwaka 2021 Roma ilionyesha namna nzuri: padri alisema maneno mara moja kwa wote, akanawa mikono, akavaa maski, kiisha akanyunyiza majivu juu ya kichwa cha kila mtu bila kusema neno.