Throto ya Umeme na Gari Linalositasita

Je, wajua kwamba ukikanyaga mafuta kwenye gari la miaka ya karibuni, mguu wako haufungui chochote kwenye injini? Zamani kebo ilitoka kwenye pedali ikaenda moja kwa moja hadi kwenye throto, mlango wa hewa wa injini: mguu ukishuka, throto inafunguka. Siku hizi pedali imebaki na sensa tu. Sensa inapeleka volti kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, na kompyuta ndiyo inayoamua throto ifunguke kiasi gani. BMW iliuweka mfumo huu kwenye magari yake ya kifahari mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo karibu kila gari la petroli linaloshushwa kutoka Japani katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa linao.

Throto hii inaonewa sana. Gari likisita kuondoka, likikosa nguvu mlimani, au sailensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa haujagusa pedali, ikipanda na kushuka, lawama zote huiangukia. Inafunguliwa, inaletwa nyingine ya mtumba, na mara nyingi ugonjwa unabaki palepale wakati mwenye gari ameshalipa.

Hebu tuitazame kwa karibu. Ni kipande cha alumini kilichokaa kati ya mpira wa hewa na manifoldi. Ndani yake kuna kisahani cha chuma kinachozunguka kwenye mhimili. Kikilala hewa inapita, kikisimama inazuiwa. Ubavuni, chini ya mfuniko, kuna mota ndogo ya umeme, giya chache, springi, na sensa mbili zinazoiambia kompyuta kisahani kimefika wapi. Pedali nayo ina sensa mbili. Zimewekwa mbilimbili makusudi, ili zikaguane. Kwenye Toyota nyingi, mguu ukiwa haujagusa pedali, sensa ya kwanza husoma karibu volti 0.8 na ya pili karibu 1.6, na ukikanyaga, zote hupanda pamoja. Zikianza kupingana, kompyuta inajua kuna mmoja kati ya mashahidi wake asemaye uongo, na haibahatishi. Kama mgongano uko kwenye throto, inakata umeme wa mota, na springi inakirudisha kisahani kwenye uwazi mdogo, takriban digrii 6 au 7 kwenye Toyota. Gari linatambaa hadi gereji. Dereva atasema limeisha nguvu, kumbe limejilinda.

Ulinzi huu uliwahi kuchunguzwa hadi na wataalamu wa anga. Baada ya malalamiko mengi nchini Marekani kuhusu Toyota zinazoondoka kasi zenyewe, serikali iliwaomba wahandisi wa NASA waukague mfumo huo. Ripoti yao ilitoka Februari 2011: hawakupata kasoro ya kielektroniki iliyoweza kueleza matukio hayo. Magari yaliyokuwa yameitwa kurekebishwa yalikuwa na mazulia yaliyobana pedali na pedali zilizokwama. Lakini ndani ya sensa ya pedali moja mbovu walikuta kitu cha ajabu, uzi wa bati uliojiotea wenyewe, mwembamba kuliko unywele, ukiunganisha njia mbili za umeme ambazo hazikupaswa kukutana. Pedali ile ililifanya gari liruke-ruke. Uzi usioonekana kirahisi kwa macho ulitosha kuvuruga uendeshaji wa gari zima.

Throto huumwa kweli, na ugonjwa wake mkubwa ni uchafu. Mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uunguzwe, na kidogo kidogo huacha masizi kwenye ukingo wa kisahani. Injini ikiwa sailensa, kisahani kimefunguka digrii chache tu, kwa hiyo hata utando mwembamba hupunguza hewa nyingi. Kompyuta haikai kimya: inakifungua kisahani zaidi kidogo na kukariri kiasi hicho. Miaka inapita hivyo, dereva hajui lolote, mpaka kompyuta inapofika mwisho wa uwezo wake wa kufidia na gari linaanza kuzima kwenye foleni.

Sasa fundi anaisafisha throto mpaka inang'aa, na gari linawaka likinguruma kwa sailensa ya juu. Mwenye gari anadhani ameharibiwa. Kilichotokea ni kwamba kompyuta bado inakifungua kisahani kwa kipimo kilekile cha wakati wa masizi, na sasa hewa inamiminika. Inabidi ifundishwe upya. Magari mengine hujirekebisha yenyewe baada ya muda barabarani. Nissan nyingi hazikubali hivyo. Zinataka mashine ya kupimia, au ule utaratibu wa kukanyaga pedali huku unatazama saa: injini iwe imepata moto, feni na taa zimezimwa, swichi iwashwe, usubiri sekunde 3, ukanyage na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5, usubiri sekunde 7, kisha ukanyage hadi chini na kushikilia mpaka taa ya injini imalize kupepesa na kubaki imewaka. Ukikosea sekunde mbili, unaanza tena. Na tafadhali, kisahani kisisukumwe kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Mota ikikivuta, giya huvunjika au kidole hubanwa.

Ikiwa throto ni safi na gari bado linasita, mashine ya kupimia itumike kwa kazi zaidi ya kusoma misimbo ya hitilafu. Tundu lake la pini 16 liko chini ya dashibodi, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa vile vifaa vya bei ndogo. Fungua ukurasa wa namba hai utafute marekebisho ya mafuta, yanayoandikwa kwa asilimia. Kompyuta hulenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ikiripoti kwamba hewa imezidi, kompyuta huongeza mafuta na kuandika imeongeza asilimia ngapi. Namba hiyo ina mengi ya kusema. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ikisoma 20 wakati wa sailensa na kushuka hadi 3 au 4 ukipiga resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira uliopasuka: hewa inayovuja ni sehemu kubwa ya hewa ya sailensa, lakini ni kidogo mno injini inapovuta kwa nguvu. Ikiwa nzuri wakati wa sailensa kisha ikapanda gari linapokabili mlima, washukiwa wanakuwa pampu ya mafuta, filta yake, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi. Vipimo vyote hivyo havihitaji hata spana.

Kusita kwingine kunatoka kwenye giyaboksi, hasa zile za mkanda, na kwingine kumepangwa na watengenezaji ili gari lisile mafuta mengi. Vile visanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya kuamsha gari hubadilisha tu volti za pedali ili kompyuta idhani umekanyaga zaidi. Nguvu ya injini inabaki ileile.

Msimbo wa P2135, unaosema sensa za throto zinapingana, ndio unaouza throto nyingi pasipo sababu. Kabla ya kuagiza, chomoa plagi ya throto na uangalie pini zote kama zina ukijani wa kutu au zimelegea. Chomeka tena, washa swichi bila kuwasha injini, mwenzako akanyage pedali polepole hadi chini, nawe utikise waya kuanzia kwenye plagi kurudi nyuma macho yakiwa kwenye namba za sensa hizo kwenye mashine. Kwa kawaida zinabadilika pamoja bila kuruka. Moja ikianguka ghafla mkono wako unapogusa sehemu fulani ya waya, hapo ndipo pa kufungua. Pini husafishwa au waya huunganishwa upya kwa risasi, msimbo unafutwa, na gari linajaribiwa barabarani mashine ikiwa bado imechomekwa.