Kuuza makala kwa tokeni: unauza nini, unabaki na nini?

Mwezi wa tatu 2021, makala moja tu ya gazeti iliuzwa karibu dola 560 000. Haikuwa karatasi ya zamani wala maandiko ya siri. Kevin Roose, mwandishi wa New York Times huko Marekani, alieleza wasomaji wake mambo ya tokeni, kisha akaigeuza makala ile yenyewe kuwa tokeni na kuiweka kwa mnada. Bei ya kuanzia haikufika dola 1 000. Siku iliyofuata ilikuwa imepanda hadi ether 350. Mununuzi alikuwa mwenye kampuni ya muziki ku Dubai, na feza ikapelekwa kwa mufuko wa gazeti lile wa kusaidia masikini.

Tangu siku ile, vijana wengi wanaoandika kwa intaneti wanajiuliza: na sisi je? Mutu wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi mwenye telefone nzuri na mega za kutosha anaweza kufanya vile vile. Lakini afazali ajue mbele ni kitu gani anauza.

Daftari la likelemba

Fikiri likelemba ya watu 20. Kama katibu peke yake ndiye anashika daftari, anaweza kufuta mustari usiku na hakuna atakayejua. Lakini kama kila memba ana daftari lake, na yote yanaandikwa sawa kila siku ya mukutano, mwizi atapaswa kubadilisha yote kwa mara moja. Blokchaini njo hivyo: daftari moja linaloshikwa na maelfu ya kompyuta katika inchi mbalimbali, na kila moja inachunguza zingine.

Tokeni ni mustari mumoja katika daftari lile. Unasema: kitu hiki, chenye alama hii, ni cha fulani. Unaweza kutoa tokeni moja tu, ao 100 zenye namba.

Makala yenyewe mara nyingi haimo ndani ya daftari, kwa sababu kuandika mule maneno mengi ni gali. Inawekwa pengine, kwa mufano katika hifazi ya Arweave, iliyofanywa kwa kusudi la kutunza vitu bila kufuta. Tokeni inaonyesha paka mahali makala ilipo, pamoja na alama yake, sawa na alama ya kidole. Ukibadilisha hata koma moja, alama haitalingana tena.

Hatua za kuanza

Kwanza unapakua programu ya pochi ku telefone. Itakupa maneno 12 ao 24 ya siri. Uyaandike kwa karatasi, usiyapige picha, usimwambie mutu. Mwenye kuyapata anachukua vyote, na hapana ajenti wa kwenda kubembeleza ili akurudishie. Mutu akikuandikia kwamba anataka kununua makala yako lakini umutumie mbele yale maneno, huyo ni mwizi, hata kama anaongea vizuri.

Pili, unahitaji kidogo ya ether kwa kulipa gharama ya kuandika katika daftari. Kwa mutandao wa Ethereum, mwaka 2021, gharama ile ilifikia mara kwa mara makumi ya dola. Leo kuna mitandao iliyojengwa juu yake, kama Base, ambako mara nyingi unalipa senti tu.

Tatu, unachagua mahali pa kutangazia, unaweka makala, unasema idadi ya tokeni na bei, kisha unabonyeza. Ujue kwamba mahali pale panaweza kuhama. Mirror, iliyojulikana sana na wandishi wa namna hii, ilichukuliwa na Paragraph mwaka 2024. Kwa hiyo ubaki na kopi yako mwenyewe.

Unauza nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanajikwaa. Aliyenunua tokeni ya Kevin Roose hakupata haki ya mwandishi. Hiyo ilibaki kwa gazeti. Kwetu pia, sheria ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986 inalinda haki ya mwandishi juu ya kazi yake, iwe na tokeni ao hapana. Kama unaandikia gazeti na linakulipa, uliza mukubwa wako mbele ya kuuza chochote.

Tena, daftari halimjui mwandishi. Linajua tu nani aliweka kitu, na saa ngapi. Mwizi anaweza kuchukua makala yako asubuhi na kuitolea tokeni kwa jina lake mangaribi. Mustari wake utakuwa safi kabisa, na uongo utabaki uongo.

Na bei? Mwezi ule ule wa tatu 2021, ujumbe wa kwanza wa Jack Dorsey kwa Twitter uliuzwa zaidi ya dola milioni 2,9. Mwaka uliofuata, aliyeununua alitaka kuuza kwa dola milioni 48. Mnada ulipofungwa, hakuna aliyetoa hata dola 300. Kwa hiyo usikope feza ya watu ili kuanza kazi hii.

Kisichofutika

Kuna sababu nyingine inayoleta wandishi huku, na inapita feza. Mwezi wa ine 2018, ku China, mwanafunzi Yue Xin wa chuo kikuu cha Peking aliandika barua wazi kueleza namna alivyosukumwa anyamaze, kisha kuuliza habari za mashitaka ya zamani ya ubakaji. Barua ilifutwa kwa intaneti ya inchi yake. Mutu asiyejulikana akaiingiza katika Ethereum, na imo mpaka leo. Na gazeti Apple Daily la Hong Kong lilipofungwa mwezi wa sita 2021, watu walikimbiza makala zake mpaka Arweave ili zisipotee.

Lakini nguvu ile inakata pande mbili. Mwandishi wa Kivu anajua: mama aliyeeleza waliyomutendea watu wenye silaha leo, kesho anaweza kuomba jina lake liondolewe. Kijiji kinabadili mikono, na shahidi aliyekuwa salama anatafutwa. Gazeti linaweza kusahihisha, ukurasa wa intaneti unaweza kufutwa. Hapa hakuna wa kumupigia telefone. Jina, picha ao kijiji cha mutu wa namna hiyo, usiviweke kamwe.

Na wewe pia unaonekana. Pochi yako ikijulikana kuwa yako, kila mutu anaweza kusoma nani alikulipa, na kiasi gani kinabaki.

Kwa kuanza, chukua andiko lisiloweza kumuzuru mutu: hadisi, shairi lako, historia ya muji wenu. Toa tokeni chache, kwa bei ndogo. Na mbele ya kubonyeza, usome makala kwa sauti mutu mwingine akisikiliza, kwa sababu hata jina moja lililoandikwa vibaya litabaki pale pale.