Kuku Wako Wanakanyaga Nini?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, tazameni chini katika uwanja wa kuku wenu. Hapa Uvira, mvua ikianza mwezi wa Oktoba, maji hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na lupango nyingi hubaki matope. Vijidudu vya kuhara damu vilivyo katika mavi ya kuku hupata nguvu ya kuambukiza kwa siku moja au mbili tu penye joto na unyevu. Vifaranga ndio hufa kwanza. Na mtoto anayetambaa hapo, akitia mkono kinywani, anaweza kuharisha kwa vijidudu vingine vilivyo katika mavi hayo.

Kupanda majani si dawa. Kwa uwanja mdogo, kuku wataparua mpaka mizizi.

Kwanza inua sakafu kwa mchanga wa ziwa, kwa maana mchanga hupitisha maji upesi. Usiuchote karibu na vyoo. Uwanja uwe juu ya njia ya maji. Waliokuwa Uvira mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, wanajua vizuri maji hupita wapi.

Chini ya paa, tandaza juu ya mchanga maganda makavu ya mpunga, kimo cha vidole vinne au zaidi. Bonde la Ruzizi hulima mpunga, basi ulizeni penye mashine za kukoboa. Maranda ya seremala ni mazuri pia, ila si ya mbao zilizotiwa dawa. Majani ya migomba yaliyokauka hufaa, lakini huoza upesi. Chenye ukungu kisiingie kabisa: vumbi lake huumiza mapafu ya kuku na ya mwenye kufagia.

Sasa neno linalotuhusu sisi wa mgodi. Mchanga unaobaki baada ya kusaga na kuosha mawe ni laini, mkavu, tena ni wa bure. Usiulete nyumbani! Kuku humeza vijiwe ili kusaga chakula tumboni, na kama mchanga una risasi au zebaki, sumu huingia mwilini mwake. Huko Kabwe, nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994. Miaka mingi baadaye wataalamu walikuta risasi nyingi katika maini na figo za kuku wa mitaa ya jirani. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto mdogo. Hupita hata katika mayai.

Kila juma geuza matandiko kwa reki. Kisha minya konzi moja: yakishikamana kama ugali, yana maji mengi, toa sehemu hiyo, weka makavu. Ukisikia harufu kali inayochoma macho, usingoje juma liishe. Chombo cha maji kiwekwe juu ya matofali, kwani hapo ndipo unyevu huanzia.

Matandiko ya zamani yarundike mbali na kisima, yafunike, yaoze miezi kadhaa kabla ya kuyapeleka kwenye lengalenga. Anayefanya kazi hiyo afunge kitambaa puani, na anawe kwa sabuni kabla ya kushika chungu.