Saadani: Piga Hodi Kijijini Kwanza

Wageni wengi wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani hutoka alfajiri kutafuta simba na tembo, mchana wakapanda boti kuwatazama viboko na mamba wa Mto Wami. Wenye muda husogea hadi Madete, upande wa Pangani, ambako kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Yote hayo yanastahili safari. Lakini anayeondoka bila kupiga hodi kijijini Saadani ameacha nusu ya alichokifuata.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 2005. Kijiji ni kikongwe kuliko hifadhi. Karne ya 19 kilikuwa bandari, misafara ya pembe za ndovu ikishukia hapa kutoka bara ili mzigo uvushwe Unguja. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, alipigana na Wajerumani mwaka 1889 hadi mji ukachomwa moto, na hakuweka silaha chini mpaka 1890. Misafara ile ya pembe ndiyo wazee wanayoitaja wakieleza utani wa Wazigua wa pwani hii na Wanyamwezi wa bara. Utani huo si mzaha mtupu: msibani mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio.

Bahari nayo ina kalenda yake. Mvuvi hakuambii tarehe. Anakuambia bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji yakijaa na kutoka kwa nguvu, au maji mafu, siku ambazo nyavu hushonwa. Kamba wanapatikana kwa sababu Wami hushusha maji baridi kwenye mikoko, wadogo wao wakakulia humo. Wakishavuliwa huanikwa juani, na utamkuta mama na ungo wake akipepeta taratibu, mchanga ukianguka pembeni, mkono mwingine ukifukuza kunguru.

Watu wa kijiji wamevumilia mengi. Kitongoji cha Uvinje kimegombania mpaka na hifadhi kwa miaka, na kwangu mimi wanyama hawatalindwa vizuri na watu wanaohesabiwa kuwa wavamizi kwenye makaburi ya babu zao.

Basi ukifika, vaa kwa stara, waamkie wazee shikamoo, usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Ukikaribishwa jamvini, kaa. Habari za nyumbani kwenu zitaulizwa kwanza. Na kamba wa kitoweo, wanunue kwa mvuvi mwenyewe.